Pete Isiyosema Uongo

Somo: Matendo 5:1-11

Harusi za Desemba ziko karibu, na katika darasa la ndoa swali huwa ni lile lile: "Mchungaji, pete iwe ya bei gani?" Leo nitajibu kwa ushuhuda, hata kama unaniaibisha kidogo.

Nilipokaribia kufunga ndoa nilikuwa na shahada ya biashara na mfuko mtupu. Mahari na ukumbi vilikuwa vimemaliza akiba yote. Nikaingia duka moja mjini, nikapata pete za shaba zilizopakwa dhahabu. Muuzaji hakunidanganya, alinieleza wazi ni kitu gani. Nikanunua mbili. Mchumba wangu alipofungua kisanduku akasema, "Dhahabu!" Mimi nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Baada ya miezi minane ya sabuni na kuosha vyombo, rangi ilianza kutoka na kidole chake kikabaki na alama ya kijani. Akaipeleka kwa sonara, akidhani inahitaji kung'arishwa tu. Sonara akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea tindikali, na ile alama ikatoweka. Jioni mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Kwani ulijua?"

Nilijitetea. Nikasema pete ni ishara tu. Na ni kweli! Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 haidai pete. Inadai hiari ya wawili na mashahidi wawili. Biblia nayo haijaamuru mtu yeyote avae pete ya harusi. Lakini akanijibu, "Kama ni ishara tu, mbona ulificha? Ungeniambia, ningevaa hiyo hiyo ya shaba."

Hapo nikakosa jibu. Kama shaba ilitosha, kusema ukweli kusingenigharimu hata shilingi. Kama haikutosha, basi nilikuwa nimechukua furaha yake kwa hila. Pande zote mbili, hesabu ilinikataa.

Soma tena habari za Anania na Safira. Wengi wetu hudhani walihukumiwa kwa kutotoa pesa zote. Sivyo. Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa pesa zilikuwa mikononi mwake. Wangeleta nusu na kusema ni nusu, hakuna ambaye angewalaumu. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Mimi nilileta shaba, nikaacha iitwe dhahabu.

Mtu atauliza, "Je, kunyamaza ni uongo?" Si kila mara. Unaweza kunyamaza ili kutunza siri ya mwenzako, na hiyo ni hekima. Lakini ukiona mtu anaamini jambo lisilo kweli, na jambo hilo linakufaidi wewe, halafu ukanyamaza, kimya chako kimeshasema.

Sasa, jambo moja kuhusu dhahabu yenyewe. Dhahabu tupu, ya karati 24, ni laini mno kwa pete ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na madini mengine kama fedha na shaba. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, nayo hupigwa muhuri wa 750. Ya karati 9 ina asilimia 37.5, muhuri wake 375. Yaani pete hiyo ndogo inakiri yenyewe kwamba zaidi ya nusu yake si dhahabu. Haioni aibu, na bado ni pete halali.

Kwa hiyo, vijana, nendeni dukani wawili. Ulizeni muhuri. Tajirianeni kiasi kilichopo, na deni kama lipo, hata ule mkopo wa simu ambao mwenzako hajauona. Halafu chagueni inayolingana na ukweli wenu, iwe dhahabu, fedha au chuma. Bei haitaitunza ndoa, lakini siri ya bei inaweza kuijeruhi.

Mwaka wa nne wa ndoa tulinunua pete nyingine, tukiwa pamoja. Ni ya karati 9, si kubwa. Lakini nambari iliyo ndani yake naijua mimi, na mke wangu anaijua.