Sikuiangalia Chupa

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo ilikuwa imekataa, na ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimekataa kidogo), mjomba alinipeleka kwa fundi wa injini za boti upande wa Dunga, hapa Kisumu. "Huyu amesoma," alimwambia. Fundi aliangalia mikono yangu, hakusema kitu, akanipa ufagio. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia, ya pili kusafisha plagi, na ya tatu, baada ya kama miezi miwili hivi, kuchanganya petroli na oili.

Kama hujawahi kukaa karibu na injini ya boti, nikueleze kidogo. Nyingi tulizokuwa tukitengeneza pale zilikuwa zile ndogo za kufungwa nyuma ya boti, za mipigo miwili, ambazo kila mtu huita tu-stroki. Hazina mahali pa kumwagia oili kama gari. Oili yake huichanganya na petroli kwenye tangi, na injini huvinywa vyote pamoja: petroli inaungua, oili inapaka pistoni na beringi. Kipimo chetu kilikuwa moja kwa hamsini. Lita 20 za petroli, mililita 400 za oili. Nimewahi kuona video ya mzee mmoja wa Minnesota, Marekani, akitoboa barafu ya ziwa kwa keekee yenye injini ndogo ya aina hiyo hiyo, ili ashushe ndoano kwenye shimo. Kabla ya kuvuta kamba aliutikisa mtungi wake wa petroli na oili, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nilicheka kwa sababu Fundi wangu alikuwa akifanya vile vile, na hajawahi kuona barafu nje ya friji.

Fundi alikuwa na utaratibu ambao naupenda hadi leo. Injini ikikataa kuwaka, hauanzi kufungua bolti. Unaanza na vitu vya bure. Petroli iko? Kile kiskurubu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi kimelegezwa? Bonyeza ile pampu ya mkono mpaka ikaze. Bado? Toa plagi uiangalie. Ikiwa imelowa, petroli inafika, kwa hivyo tafuta shida kwenye moto. Ikiwa kavu, petroli haifiki, rudi nyuma kwenye kabureta na mipira. Na ikishawaka, usiende popote kabla ya kuangalia kile kitundu cha pembeni kinachotema maji. "Inakojoa?" angeuliza kila mara. Isipokojoa, maji ya kupoza hayazunguki, na baada ya muda mfupi utakuwa umepika pistoni. Hapa kwetu hilo si jambo la kubahatisha. Magugumaji yamekaa katika Ghuba ya Winam tangu kabla sijazaliwa, na mizizi yake hupenda sana kuingia pale injini inaponyonya maji.

Kila swali la Fundi lilifunga mlango mmoja. Hakuruka swali kwa sababu jibu lake lingemuudhi.

Sasa, jioni moja kijana wa boti alileta tangi la lita 20, tayari lina petroli. Umri wetu ulikuwa sawa. Tulikuwa tunaitana omera, tunadaiana shilingi za chai. Siku hiyo kulikuwa na injini tatu chini, simu yangu inalia, na mteja mwingine anapiga kelele kuhusu propela. Nakumbuka nilifungua kifuniko. Nakumbuka nilimrudishia tangi. Katikati ya hapo, kumwaga oili, sikumbuki. Huenda nilimwaga. Vitu unavyofanya kila siku havikai kichwani, nani hukumbuka kama alifunga mlango asubuhi?

Usiku huo injini ilinoki wakiwa njiani kwenda upande wa kisiwa cha Ndere kuvua omena. Kamba haikuvutika tena. Upepo ukaamka, wakapiga kasia wakachoka, na karibu alfajiri boti nyingine ikawavuta hadi ufuoni. Ile petroli iliyobaki waliimimina kwenye boti hiyo kama asante. Hakuna aliyekufa. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya ziwa usiku husubiri maiti.

Asubuhi Fundi alipoikagua, alikuta mahali pa kunyonyea maji pamejaa mizizi ya magugu. Akafungua silinda, pistoni imekwaruzika vibaya. Aliomba aone petroli iliyobaki aisugue kati ya vidole, akaambiwa ilishatolewa. Basi. Mizizi ilikuwepo, kila mtu aliiona. Mwenye boti akamgeukia yule kijana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshika injini: "Hukuangalia kama inakojoa?" Kijana akasema aliangalia mwanzoni, baadaye giza lilikuwa jingi. Jibu hilo lilimmaliza. Injini ya boti ni ghali kuliko pikipiki mpya ya boda, na hakuna mwenye boti anayemeza hasara hiyo akitabasamu. Kijana alifukuzwa, na fungu lake la wiki hiyo likabaki kwa mwenye boti.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika spana. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Na juu ya rafu, mita mbili kutoka kichwani kwangu, kulikuwa na chupa ya oili ya lita moja. Ilikuwa imefunguliwa siku hiyo hiyo, kwa ajili ya tangi hilo. Ubavuni ina mistari ya kipimo. Ikiwa imesimama kwenye 600, nilimwaga na niko huru. Ikiwa imejaa, ni mimi. Ilikuwa kazi ya kuinua macho tu, na sikuyainua. Nilitoka kwenda kununua mandazi ambayo sikuwa na njaa nayo. Niliporudi, kuna mtu alikuwa ameshachanganya petroli nyingine kwa chupa hiyo, na ushahidi ukawa umekwisha. Nilisikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo imenifanya niandike.

Chuoni, kabla sijaondoka, tulisomeshwa insha ya Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, ya mwaka 1877. Anatupa mfano wa mwenye meli ambaye meli yake ni kuukuu na imejaa wahamiaji. Ana wasiwasi kama itafika, lakini anajituliza: imeshasafiri mara nyingi, Mungu atailinda. Anaamini kwa moyo safi. Meli inazama, naye anachukua pesa za bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, maana hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Halafu anasema kitu kilichotugombanisha darasa zima: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile.

Wakati huo niliona Clifford ana ukali wa bure. Meli imefika, shida iko wapi, bana? Lakini kesi yangu iko pembeni kidogo ya ile ya mwenye meli. Yeye alijijengea imani. Mimi nilijijengea shaka. Kwa mwaka mzima, kila nilipomkumbuka yule kijana, nilikuwa na sentensi moja tayari: "Sina uhakika." Na ilikuwa kweli! Huwezi kunishika kwa uongo hapo. Shaka ya Fundi ilikuwa ya kazi, akishika plagi anataka iishe. Yangu niliilinda isiishe, kwa sababu ikiisha kuna uwezekano mmoja kati ya miwili ambao siuwezi.

Kuna watakaosema asiyeulizwa hajadanganya. Nimelitafakari hilo, kwa faida yangu mwenyewe bila shaka, na halinishiki. Pale ufuoni palikuwa na mtu anayeadhibiwa kwa jibu ambalo lilikuwa halijathibitishwa, na mimi peke yangu nilijua kuna swali lingine. Sikuwa na deni la kukiri, kwa kuwa sikuwa na la kukiri. Deni langu lilikuwa kusema tu, "Fundi, hebu tuangalie chupa." Maneno manne.

Mwezi uliopita nilichukua boda pale Kondele, na dereva alipogeuka alikuwa yeye. Tulifurahi kweli. Njiani, huku akipiga kelele juu ya upepo, alirudia hadithi yenyewe kama mtu anayesimulia ujinga wake wa zamani. Anaamini alikosa. Anawafundisha wadogo zake kuangalia kitundu. Halafu akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia: "Na venye ilikuwa inaenda poa siku hiyo, omera. Hata moshi haikuwa."

Tu-stroki yenye oili hutoa moshi. Wa buluu, mwepesi, una harufu yake. Isiyo na oili huenda safi kabisa, hadi inapokufa.

Nilimwambia asimame. Tulisimama kando ya barabara nikamweleza yote: tangi, simu, propela, kwamba sikumbuki. Alisikiliza bila kuvua kofia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na chupa?"

"Sikuiangalia."

"Hukuiangalia ama haikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Alikaa kimya kiasi cha matatu mbili kupita. Sikujua niseme pole ya nini hasa, nikasema tu pole. Akaniambia pole yangu nimpelekee mwenye boti, maana yeye alishazoea kuitwa mzembe lakini mama yake bado hajazoea. Anauza omena kwenye ufuo ule ule na kila mtu pale anaijua hadithi. Akanifikisha nilikokuwa naenda. Nilitaka kumwachia chenji, akanirudishia yote.

Nambari ya mwenye boti ninayo, nimeihakikisha kwa Fundi. Insha hii nimeimaliza kabla ya kupiga.