Kituo cha Kukutania

Je, wasiojuana wanaweza kupatana mahali pa kukutana kabla hawajakutana? Mwanafalsafa W. V. Quine alitilia shaka kwamba lugha ilianza kwa mapatano, kwa kuwa kupatana kwenyewe kunahitaji lugha. David Lewis, katika kitabu chake Convention cha 1969, alijibu kwamba desturi yaweza kusimama bila watu kuahidiana lolote. Naamini Lewis alikuwa karibu zaidi na ukweli, na ushahidi ninaoutegemea umo katika usanidi wa ruta zinazosambaza multikasti.

Multikasti, iliyowekewa msingi na Steve Deering katika waraka wa RFC 1112 wa 1989, hupeleka pakiti moja kwa kundi zima. Mtumaji hajui nani anasikiliza, na msikilizaji hahitaji kujua nani anatuma. Kinachowaunganisha ni anwani ya kundi tu, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255. Itifaki ya PIM ina hali mbili kuu za kuwakutanisha. Katika hali ya msongamano, ruta humwaga pakiti kila upande, na asiyezitaka hukata tawi lake. Muda wa kukata ukiisha, mafuriko hurudi. Katika hali ya mtawanyiko hapelekewi mtu asichokiomba: ruta moja huwa kituo cha kukutania, watumaji husajiliwa hapo, na maombi ya wasikilizaji huelekezwa hapo. Hali ya kwanza haidai mapatano yoyote, ila huwatwisha wote mzigo wa wachache. Ya pili ina haki zaidi, lakini inadai kila ruta ijue mapema kituo ni kipi.

Itajuaje? Njia ya Auto-RP, iliyobuniwa na Cisco, hutangaza kituo kupitia makundi mawili, 224.0.1.39 na 224.0.1.40. Lakini hayo nayo ni makundi, na katika hali ya mtawanyiko yangehitaji kituo kwanza. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya chumba chake. Suluhisho lake lina funzo kubwa: makundi hayo mawili huachwa yamwagwe kwa hali ya msongamano. Utaratibu wa haki huanza kwa kuruhusu kidogo ule usio wa haki, na ruhusa hiyo isipowekewa mpaka, kituo kikipotea makundi mengine nayo yanaweza kurudia mafuriko. Njia ya BSR, katika RFC 5059 ya 2008, huenda jirani kwa jirani: ruta hupokea ujumbe, huhakiki kwamba umetoka upande sahihi, kisha huupitisha kwa inayofuata. Orodha ya vituo ikishaenea, kila ruta hupiga hesabu ile ile na kufikia uteuzi ule ule bila kupiga kura. Katika njia zote mbili, kabla ya kuwapo kituo palikuwa na jirani aliyesikika. Kilichoyatangulia mapatano ni ujirani.

Mtu atasema mhandisi anaweza kuandika anwani ya kituo kwa mkono katika kila ruta, asihitaji ugunduzi wowote. Ni kweli, ila hapo mapatano yamehamia kwa wahandisi: wawili wakiandika anwani tofauti, msikilizaji ataomba kwenye kituo kimoja na mtumaji atasajiliwa kwenye kingine, wala hawataonana. Wengine watataja multikasti ya chanzo maalumu, ya RFC 4607, isiyo na kituo kabisa. Lakini humo msikilizaji hutaja chanzo kwa anwani yake, aliyoipata kwingine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata anwani ya majirani wa PIM, 224.0.0.13, ilipangwa na watu. Nalikubali hilo. Lakini watu hao nao walikuwa tayari wakisikilizana, na hakuna aliyesaini mkataba wa kuanza kusikilizana.

Bado jirani anaweza kudanganya na kujitangaza kituo bila haki. Kwa hiyo ujumbe wa BSR huzuiwa kwenye mipaka ya mtandao, na wanaostahili kuwa vituo huchujwa. Ulinzi huo ni wa lazima, na mhandisi anaweza kuuweka kwenye mlango huu badala ya ule kwa sababu tu anajua ni jirani gani yuko upande wa pili wa waya.