Kwa Kijana Aliyechoka Kusubiri

Keti, mwanangu. Mama yako amenieleza kwamba tangu wenye mkopo waichukue pikipiki hutoki nyumbani mchana. Unatoka usiku tu, kwenda kwenye kesha la maombi. Ameniambia pia kwamba umeanza kusema Mungu amekusahau. Alilia akinieleza, akidhani nitakuja kukukemea. Nimekuwa mzee wa kanisa hapa Bondeni miaka mingi, nimewazika wenzangu na watoto wa wenzangu, na maneno hayo nimeyasikia vinywani mwa watu walionizidi imani. Nami nimechoka. Kuna asubuhi naomba kwa maneno mawili tu kwa sababu la tatu halipatikani. Basi tuongee taratibu.

Uchovu si dhambi. Lishike hilo kabla hatujafika mbali. Nabii Eliya alikuwa ametoka kushinda: moto ulikuwa umeshuka juu ya Karmeli mbele ya macho ya taifa zima, manabii wa Baali wakaaibika, mvua ikarudi baada ya miaka ya ukame. Kisha Yezebeli akatuma neno kwamba kesho wakati kama ule atakuwa amekwisha kumuua. Mtu yule yule aliyeita moto akatimua mbio mpaka Beersheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Wahubiri wetu hupita hapo mbio, nadhani kwa sababu wanaona aibu kumkuta nabii katika hali hiyo. Mimi hukaa hapo sana, kwa maana nataka kuona alivyotendewa. Hakuhubiriwa. Hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na hakuna aliyemwita mvivu. Mara ya pili ndipo alipoambiwa ale kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini pale, lilikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya siku 40 za kutembea.

Sasa jitazame wewe. Unafunga, na kufunga ni kuzuri, nami nimefunga. Lakini kijana ambaye hali kwa sababu hana, akafunga juu ya njaa hiyo, akakesha mpaka alfajiri, akalala mchana kutwa wakati wenzake wanatafuta vibarua, huyo anaumaliza mwili ambao Mungu angeutumia. Mwili uliokwisha huanza kusema nawe, na sauti yake usiku hufanana sana na ya shetani. Wengi hukaa wakiikemea sauti hiyo kwa jina la Yesu, ilhali walichohitaji ni sahani ya ugali na usingizi wa usiku mmoja.

Na ile elfu tatu uliyomtumia mhubiri kwa simu ili mlango wako ufunguke, mwanangu, hiyo ndiyo iliyoniuma. Iliniuma kwa sababu najua ulivyoipata, shilingi hamsini hamsini, ukibeba watu kwenye mvua ya kutoka Rhonda kuja mjini. Mungu hauzi milango. Aliyekuambia kwamba unampandia mbegu, na kwamba ukubwa wa mbegu ndio ukubwa wa muujiza, alikuchukulia pesa ya kazi yako na akakuachia deni la moyo, maana sasa muujiza haujaja na unadhani kosa ni lako, kwamba imani yako ilipungua. Haikupungua. Mtu anayetoa elfu yake ya mwisho ana imani nyingi. Ilielekezwa pabaya tu. Wachungaji wanyofu wako hapa Nakuru, wengi, na wanasikitika kama mimi. Ningependa waliseme jambo hili kwenye madhabahu kwa sauti kubwa kuliko wanavyolisema.

Kuna mstari umeubandika juu ya kitanda chako. Mama yako ameniambia. Yeremia 29, mstari wa 11. Naujua, umeandikwa kwenye kalenda na nyuma ya matatu za Kaptembwa. Nakuomba usome sura nzima, na ile ya 28 iliyotangulia. Watu walikuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli. Akasimama nabii mmoja, Hanania, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 yote yatakuwa yamerudi. Lilikuwa neno tamu. Yeremia ndiye aliyekuwa na neno gumu: miaka 70. Akawaandikia mateka barua kule kule ugenini, akawaambia wajenge nyumba na wakae, wapande bustani na wale matunda yake, waoze wana wao na binti zao, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Ndani ya barua hiyo ndimo ulimo mstari wako. Ahadi ya mema waliandikiwa watu waliotakiwa kwanza kushika jembe mahali ambapo hawakupataka.

Sisi watu wa Bonde la Ufa barua hiyo imetuhusu mara nyingi mno. Molo na Olenguruone zilichomwa mwaka 1992. Baada ya uchaguzi wa 1997 ilikuwa zamu ya Njoro. Na baada ya ule wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru ukageuka mji wa mahema. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kanisa lilikuwa likipeleka unga na mablanketi, nami nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipeleka.

Kule kambini nilimwona mama mmoja aliyekuwa ameokoa kichwa cha cherehani. Kichwa tu, meza na pedeli vilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Alikuwa amekifunga kwa waya juu ya kreti la soda lililopinduliwa, na kwa kuwa hapakuwa na pedeli alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukisukuma kitambaa. Kiganja kilikuwa kimechubuka, amekifunga kitambaa cha khanga. Alikuwa akishona sare za shule, mikono mifupi, kola, vifungo visivyolingana rangi, kwa sababu watoto wa kambini walikuwa wanaanza masomo chini ya turubai na yeye hakutaka waende wamevaa nguo za msaada. Nikamuuliza nani atamlipa. Akaniambia wengine watalipa, wengine hawatalipa, lakini mkono usipofanya kazi hapa utaisahau. Serikali ilipoanza kutoa shilingi 10,000 kwa kila familia ili watu warudi makwao, mwezi Mei mwaka 2008, watu walikaa foleni wakipanga pesa hiyo itakavyowainua. Wengi haikuwafikia kwa wakati, na waliopata iliisha upesi. Yule mama alikuwa tayari na wateja. Kambi ilipovunjwa sikumwona tena. Sijui alielekea wapi. Alipokuwa akishona alikuwa akiimba tenzi, na sikumsikia hata siku moja akitoa ushuhuda.

Nataka nikutajie mtu mwingine, huyu unamjua kwa jina. Kimani Maruge. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, mzee huyu, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliamua kwamba tangazo lile linamhusu na yeye. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alianza darasa la kwanza Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, kaptula na soksi ndefu kama watoto wengine, na mwalimu mkuu Jane Obinchu akampokea. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe, ajue kama kilichohubiriwa ndicho kilichoandikwa. Mwaka 2005 alipanda ndege mpaka New York, akasema mbele ya wakubwa wa dunia katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Watu wanaposimulia habari za Maruge huishia New York, nao wanakosea. Mimi naishika ile miaka iliyofuata. Mtu aliyesimama mbele ya dunia nzima mwaka 2005 alikuwa mkimbizi katika nchi yake mwaka 2008. Ghasia zilifika Eldoret, mali yake ikaibwa, akaishia kambini, kama kilomita 4 kutoka shuleni. Alifikiria kuacha. Nani asingefikiria? Angeweza kusema kwamba Mungu alimpandisha juu ili amwangushe mbele za watu. Lakini aliendelea kwenda shule kutoka kambini, umri ule, miguu ile. Mwaka huo huo ikabidi ahamie Nairobi, akawekwa kwenye nyumba ya wazee, na akiwa huko akajiandikisha tena shule, Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika kanisa la Kikatoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akaitwa Stefano. Tarehe 14 Agosti mwaka huo kansa ya tumbo ikamchukua. Amezikwa hapa kwetu, Subukia.

Nao Wanandi wana Gogo wao, yaani nyanya, Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat, aliyekaa darasani na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90, naye pia akisema anataka kusoma Biblia. Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 99. Namtaja makusudi pamoja na Maruge, kwa sababu katika Bonde letu tumezoea kusifu wa kwetu na kuwanyamazia wa ng'ambo ya mto, na mazoea hayo yametugharimu damu.

Maruge hakuufikia mtihani wa darasa la nane. Hilo nataka ulifikirie vizuri kabla hujasema alishindwa. Mtihani hakuufanya, lakini kusoma alijua. Kitabu alichokuwa akisomewa na wengine miaka yote, alikifungua mwenyewe. Alikuwa anajua alichokuwa akikitafuta, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, wala mwizi, wala moto, wala ugonjwa.

Ndipo nakuuliza wewe, na usinijibu upesi. Unataka nini? Ulipoanza chuo ulisema unataka kuwa fundi wa stima. Nakumbuka ulivyonifungia taa ile ya jikoni, ukanieleza kila waya unakwenda wapi, uso wako ukang'aa kuliko balbu yenyewe. Karo ikakwama mwaka wa pili, ukaingia bodaboda ili utafute karo, kisha bodaboda ikawa ndiyo kazi, kisha ukawa huwezi kupita mbele ya wenzako waliohitimu. Ninavyoona mimi, unachokililia sasa kwenye kesha si stima tena. Unalilia wenzako wakuone umefika. Maombi ya namna hiyo yanachosha kwa sababu hayana mwisho. Ukishafika kwao, kutakuwa na wengine mbele yao. Mwombe Mungu kazi ya mikono yako. Mwambie kwa jina: soketi, mita, nyaya, nyumba ya fulani pale Shauri Yako. Yeye si mgeni wa kazi za mikono. Mwanawe alikulia kwenye karakana ya seremala, na miaka mingi ya uhai wake hatukuandikiwa, ila tunajua ilikuwa ya kazi.

Sikuahidi kwamba mambo yatakuwa mepesi kufikia Krismasi. Wakikuahidi wengine, wasikilize kwa adabu kisha uende zako. Ninachojua ni kwamba NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huwapima mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu kwenda ya kwanza, na mtihani wenyewe huangalia kazi ya mkono wako. Huhitaji kumaliza chuo ndipo upimwe gredi ya tatu. Leseni ya kufunga stima itafuata mbele, na chuo pia kinaweza kufuata, kwa mkopo au kwa kidogo kidogo. Ada ya mtihani tutaitafuta mimi na wazee wawili watatu. Hatutafanya harambee ya kukuaibisha, tutachanga kimya, na utaturudishia ukianza kupata. Nataka uturudishie, kwa sababu kuna kijana mwingine nyuma yako.

Nimeongea na fundi mmoja mwenye kazi ya ghorofa huko Section 58. Anahitaji mtu wa kuchimba kuta na kupitisha mabomba ya nyaya. Ni kazi ya vumbi, malipo yake si makubwa, na wiki ya kwanza hutashika waya. Amekubali kukutazama Jumatatu, saa moja asubuhi. Kwa hiyo kesha la Ijumaa hii usiende. Mimi nitakwenda, nitakaa mahali pako, nitakutaja kwa jina mbele za Mungu mpaka nitakaposhindwa na usingizi. Wewe Ijumaa ulale, Jumamosi ulale, Jumapili uje ibadani umekula. Koleo na testa bado unazo, au uliziuza? Niambie ukweli, nimuulize fundi kesho kama ana za kukuazima.