Fimbo Mkononi mwa Mwenzako

Kila mchezo una sheria, na kila sheria ina mtungaji wake. Katika michezo mingi mtungaji hatumjui: sheria twaikuta, nasi twaitii. Lakini iko michezo ambayo mchezaji huruhusiwa kutunga sheria yeye mwenyewe. Hapo huzuka swali ambalo nataka, msomaji kijana, tulitafakari pamoja: mtu atungaye sheria itakayomfaidi yeye, aitunge vipi ili asiwadhulumu wenziwe?

Jioni moja, hapa Ganjoni, niliwakuta wanafunzi wanne barazani wameinamia karatasi na dadu. Mchezo wao ulikuwa wa masimulizi. Mmoja ndiye msimulizi na mwamuzi; wengine kila mmoja ana shujaa wake, ambaye nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa karatasini. Shujaa akitaka kupiga au kukwepa, mchezaji hutupa dadu yenye pande 20, nayo huamua kama amefaulu. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa Marekani mwaka 1974. Mwaka uliofuata aliongezwa humo mtawa apiganaye kwa mikono mitupu. Wachezaji wengi wamezoea pia kujitungia wapiganaji wao wenyewe, wasiomo vitabuni.

Mmoja wa vijana wale alikuwa amejitungia mpiganaji wa kirumbizi. Nilifurahi, kwa maana kirumbizi ni ngoma yetu ya pwani, ichezwayo harusini, na huko Lamu katika sherehe za Maulidi. Wanaume wawili huingia uwanjani na fimbo, zumari ikilia na ngoma zikipigwa. Mmoja hutupa pigo, mwenziwe hukinga.

Lakini nilipoisoma karatasi yake furaha ilinipungua. Mpiganaji huyo alikinga kila pigo bila kutupa dadu, na kila alipokinga alirudisha pigo lisilokingika. Hakuchoka wala hakukosea. Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa amekwisha kuikunja karatasi yake. “Mimi sina kazi hapa,” alisema, akaenda zake. Jioni mbili zilizofuata hakuonekana barazani.

Kijana alijitetea kwa hoja mbili. Kwanza, alisema, huu ni mchezo tu, hakuna aliyetokwa na damu. Pili, msimulizi alikuwa amemruhusu.

Tuzipime hoja hizo. Ni kweli, damu haikumwagika. Lakini aliyekuja kucheza alileta jioni yake, fikira zake, na tumaini kwamba tendo lake litakuwa na maana katika kisa. Ukimfanya mtazamaji wa ushujaa wako, umemnyang’anya vitu hivyo, navyo si vya mchezo. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ama ruhusa ya msimulizi, hiyo haitoshi kuwa haki. Mwamuzi aweza kuruhusu kwa haya, au kwa urafiki, au kwa kutoona mbali. Mwenye kalamu ndiye ajuaye alichokikusudia.

Basi kipimo ni kipi? Twakipata katika methali tunayoijua sote: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla hujaiandika sheria yako, iweke mkononi mwa mwenzako. Adui wa shujaa wako na apewe fimbo ile ile, isiyokosea wala kukingika. Je, utakubali kusimama mbele yake? Ukikubali, iandike. Ukisita, umekwisha kujihukumu.

Usidhani kwamba nasema wote wawe sawasawa. Mmoja aweza kuwa hodari wa fimbo, mwingine tabibu, wa tatu mjuzi wa njia. Tofauti si dhuluma. Dhuluma huanza pale kipawa chako kinapovifanya vipawa vya wengine visiwe na kazi.

Jambo hilo wazee wetu walilijua. Fimbo ya kirumbizi yaweza kuvunja mfupa. Lakini mchezaji stadi hutupa pigo ambalo mwenziwe aweza kulikinga, na hapo ndipo uzuri wa ngoma ulipo. Huko Makunduchi, Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita. Wangeweza kushika marungu. Hushika migomba, tena pande zote mbili hushika silaha ile ile.

Kijana wetu aliichukua penseli. Aliandika kwamba kila kinga ni lazima itupiwe dadu, na kwamba baada ya kinga tatu mpiganaji huishiwa na pumzi. Kisha akaipeleka karatasi nyumbani kwa rafiki yake, akamwomba aishike yeye kwanza fimbo hiyo, aijaribu.

Nawe, msomaji, kesho utakuwa kiranja, au mweka hazina wa chama, au mzazi, na huenda ukaketi katika baraza litungalo sheria za nchi. Kalamu utapewa, na watakaokuruhusu hawatakosekana. Siku hiyo fanya kama alivyofanya kijana yule: kabla hujatia wino, mpe mwenzako aishike fimbo.