Mgongo wa Mama

Kwetu Kisiba hakuna baridi ya kutisha. Tuko chini kuliko Tukuyu, upande wa Ziwa Masoko, na migomba hutukinga upepo. Baridi yenyewe iko njiani. Ukiondoka alfajiri ya mwezi Juni kwenda Mbeya, unapanda Tukuyu, unapita Kiwira, na ukifika Isongole, ng'ambo ya Mlima Rungwe, ukungu umefunga barabara na siti ya gari imekuwa kama jiwe la mtoni. Mama yangu anaumwa mgongo, na safari ya kliniki kila mwezi humpitisha njia hiyo hiyo.

Basi mwaka 2019 niliagiza vitandiko viwili vya umeme vya kutiwa ndani ya siti, na kila aliyeuliza nikamjibu: ni kwa ajili ya mgongo wa mama. Vijana walicheka kwamba kitimoto sasa kimehamia garini, lakini waliposikia habari ya mama wakanyamaza.

Kazi niliifanya mwenyewe chini ya mparachichi. Kwanza nilichomoa betri na kungoja, kwa kuwa chini ya siti za magari ya siku hizi hupita waya za eabegi. Nikafungua bolti nne, nikakata pete za waya zinazobana kava, nikabandika kitandiko juu ya sponji kikiwa kimenyooka, kwani kikikunjamana joto hujikusanya mahali pamoja na kuweza kuunguza. Kila kimoja hula wati 45 hivi, yaani karibu ampia 4 katika umeme wa volti 12. Umeme niliuchukua betrini kupitia fyuzi, na rilei inayoupitisha pale tu swichi ya gari ikiwashwa, nisije nikaamka asubuhi betri imekufa. Kurudisha kava ndiko kulikonitoa jasho. Jua lilipozama nilikuwa nimemaliza siti moja tu.

Nayo ilikuwa siti ya dereva.

Ndugu msomaji, sikuwa nimepanga hivyo. Au nilikuwa nimepanga? Nilijiambia kwamba sharti nijaribu kwangu kwanza, isije ikamuunguza mzee. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini majaribio yalichukua wiki tatu, na kwa kweli yalikuwa matamu.

Kwa nini nilihitaji mgongo wa mtu mwingine ili nipashe wangu? Sisi tuliosoma katika miaka ya Azimio la Arusha tulilelewa kuitilia shaka anasa. Azimio lile la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Halikusema neno juu ya makalio ya dereva, wala mimi sijawahi kuwa kiongozi. Huko Uswidi, Saab waliweka viti hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sidhani kuna Mswidi aliyeomba radhi. Lakini mazoea yamebaki: starehe haiingii nyumbani bila hati, na hati inayokubalika upesi ni shida ya mnyonge. Hita ya gari haina kesi hiyo. Hutumia joto la maji ya injini, ambalo lingepotea bure, na huwapasha wote waliomo. Kiti humpasha aliyekikalia peke yake. Naona sasa kwamba joto halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumfanya mama cheti changu, kisha nikamwacha akae kwenye baridi.

Safari iliyofuata mama aliketi kando yangu. Tukiwa Kiwira alinyoosha mkono akapapasa ukingo wa siti yangu.

"Mwanangu, mbona moto uko kwako, na mgongo unaouma ni wangu?"

Sikuwa na jibu. Siti ya pili niliifunga Jumamosi ile ile.

Mwezi uliofuata, tulipokaribia Isongole, nikamwashia. Alishtuka, akajiinua kidogo kupapasa chini, akidhani amemwaga chupa ya chai. Kisha akatulia. Nikaanza kumweleza kwamba joto hulegeza misuli, kwamba ni kama dawa, kwamba wataalamu...

"Ni tamu tu," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza. Ya kwangu nilikuwa nimeizima tangu nyumbani, na mpaka tunaingia Uyole sikuweza kuamua kuiwasha.