Wale Waliorudishwa Nyumbani

Somo: Waamuzi 6:33 hadi 7:25

Wiki hii sitaandika juu ya walioshinda. Nataka tuwaze pamoja juu ya wale ambao hawakuchaguliwa, kwa sababu hao ndio wengi, na mahubiri juu yao ni machache.

Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kuwaita vijana mia moja kwa majaribio, ukijua mapema kwamba karibu wote utawarudisha? Hapa kwetu si swali la vitabuni. Kutoka Timboroa hadi Kaptagat na Iten, kila asubuhi barabara zetu zina vijana wanaokimbia, na kila mmoja anaamini atachukuliwa na kambi fulani, apate meneja, apande ndege. Wengine siku hizi macho yao yako kwa mpira wa vikapu. Nitachukua mfano wa hao wa vikapu, kwa sababu huko hesabu iko wazi, mtu yeyote anaweza kuiona.

Kila mwaka mwezi wa Julai, wakati sisi hapa juu tumevaa makoti mawili, kule Las Vegas, Marekani, kuna joto la kuchemsha, na ligi kubwa ya NBA huandaa ligi ya majira ya joto kwa vijana. Ilianza huko mwaka wa 2004 na timu 6. Tangu 2018 timu zote 30 hushiriki. Kuna wale ambao wametoka tu kuchaguliwa kwa mara ya kwanza, na kuna wengine wengi ambao hawakuchaguliwa na mtu, wamekuja kubisha mlango. Kila timu hucheza angalau mechi 5 kwa muda wa siku kumi hivi. Baada ya hapo, wengi hurudi walikotoka.

Sasa piga hesabu. Timu 30, kila moja na nafasi 15 za mikataba kamili, hiyo ni 450 kwa jumla. Na nyingi kati ya hizo tayari zina wenyewe. Kila timu pia ina nafasi 3 za mkataba wa kati, ambapo mchezaji anapanda na kushuka kati ya timu kubwa na ligi ndogo. Basi. Kijana anayeingia uwanjani Julai anagombania makombo ya meza ambayo watu wameshakaa.

Je, huo ni ukatili? Mimi nasema hapana, si lazima. Hebu fikiria njia nyingine ni ipi. Kama hakuna majaribio, anayechukuliwa ni yule anayejulikana, mtoto wa fulani, aliyepigiwa simu. Sisi Wakenya tunaijua hiyo njia vizuri sana. Majaribio ya haki humfungulia mtu ambaye hana wa kumsemea. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini na kulelewa Kawempe, Kampala. Mwaka wa 2025 alichaguliwa wa 10, na Julai hiyo alikuwa Las Vegas na timu ya Phoenix Suns. Bila mtu kumpima, nani angejua Kawempe kuna nini?

Tena kuna jambo moja linanifurahisha katika ligi hiyo. Katika NBA yenyewe, ukifanya madhambi 6 unatolewa. Katika ligi ya vijana, unaruhusiwa 10. Hata wale wafanyabiashara wanajua kwamba mtu anayejaribiwa anahitaji nafasi zaidi ya kukosea.

Kwa hivyo kupima si dhambi. Lakini mimi nilisomea biashara chuoni kabla ya kuingia huduma, na kuna swali tulifundishwa kuuliza kwa kila mradi: hasara ikija, ni nani ataibeba? Kwa majaribio, jibu ni rahisi. Timu ikimrudisha kijana, imepoteza nauli na chakula cha siku chache. Kijana amepoteza miaka. Na nyuma ya kijana kuna mama aliyeuza ng'ombe, kuna masomo yaliyoachwa kidato cha tatu, kuna ndugu wadogo waliosubiri. Yule anayechagua habebi hasara, na yule anayechaguliwa anaibeba yote. Palipo hivyo, naamini kuna deni. Mwenye ungo ana deni kwa kile anachokipepeta.

Deni hilo ni la namna gani? Twendeni kwa Gideoni.

Gideoni alipiga tarumbeta na watu 32,000 wakaitika. Mungu akasema ni wengi mno. Walioogopa wakaambiwa waende, wakaondoka 22,000. Wakabaki 10,000. Hao nao wakapimwa majini, wakabaki 300. Piga hesabu tena: watu 31,700 walirudishwa. Karibu wote! Na sisi tangu Shule ya Jumapili tunahubiri wale 300 tu.

Hebu tuangalie vile Mungu alivyowarudisha wale wengine, kwa sababu hapo kuna somo.

Kwanza, waliambiwa ukweli. Mwenye hofu aliambiwa waziwazi anaweza kwenda, na hatusomi popote kwamba alichekwa. Pili, sababu ya kupunguza watu haikuwa kwamba walikuwa takataka. Sababu imeandikwa: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao wenyewe umewaokoa. Nafasi zilikuwa chache kwa kusudi la Mungu. Thamani ya aliyerudi haikupimwa pale majini. Tatu, soma mstari wa 8. Wafasiri wengi wanauelewa kwamba wale 300 walichukua chakula na tarumbeta za wale walioondoka. Kama ni hivyo, basi sauti iliyowatetemesha Wamidiani usiku ule ilitoka kwa vyombo vya watu waliorudishwa nyumbani. Na nne, hili wengi tunaliruka: adui alipoanza kukimbia, mstari wa 23, watu waliitwa tena kutoka Naftali, Asheri na Manase. Rudi sura ya 6 mstari wa 35 uone ni akina nani walioitika mara ya kwanza. Ni makabila hayo hayo, pamoja na Zabuloni. Waliorudishwa hawakufutwa kwenye daftari. Kulikuwa na kazi nyingine, na njia ya kurudi ilikuwa wazi.

Kwa hivyo deni la mwenye ungo ni kusema ukweli, kutodharau, na kuacha mlango wazi. Mimi kama mtu wa hesabu naongeza moja: usimtoze pesa mtu unayempepeta. Mzazi, mtu akikuambia lipa kwanza ndio mtoto wako ajaribiwe ng'ambo, uliza maswali mengi sana kabla hujagusa ile simu yako kutuma pesa.

Kuna mtu atasema, "Pasta, unaua imani ya vijana. Kwa nini uwatajie hesabu?" Ndugu yangu, ni Mungu mwenyewe aliyemtajia Gideoni hesabu. Na Bwana Yesu katika Luka 14 anaongea juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Imani inayohitaji kijana asijue hesabu si imani, ni kamari iliyovaa suti. Ndiyo maana naogopa unabii wa jumla, ule wa kuambia vijana wote mia moja kwenye ukumbi kwamba kila mmoja atashika namba moja. Mbio ina namba moja mmoja. Wale wengine tisini na tisa watalala usiku wakijiuliza kama ni Mungu aliyewadanganya.

Tuwe waangalifu pia na faraja tunazotoa. Tunapenda kumtaja Eliud Kipchoge. Mwaka wa 2012 hakuingia kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London. Akahamia marathoni, akashinda Hamburg 2013, akachukua dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka wa 2019 kule Vienna akakimbia kwa 1:59:40. Ni ushuhuda mzuri, na ni wa kwetu. Lakini ukimwambia kila aliyekosa, "Ngoja, wewe pia utakuwa Kipchoge," umemrudisha pale pale kwenye mizani. Unamwambia kwamba kurudishwa kunavumilika kwa sababu ushindi unakuja. Je, usipokuja? Wengi waliokosa nafasi mwaka ule ule hatujawasikia tena. Wao je, Mungu aliwasahau?

Na hata kuchaguliwa si kufika. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2 kwa jumla mwaka wa 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2010 timu yake ilimteremsha kwa ligi ndogo, na kufikia 2014 siku zake za NBA zilikuwa zimekwisha. Kama thamani ya mtu ni nafasi aliyopewa, basi thamani ya Thabeet ilipanda na kushuka kwa miezi minane. Mnaamini hivyo kweli? Mimi siamini.

Sisi wa Timboroa tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine, kwa sababu tunalima viazi. Mnajua vile bei inaweza kuanguka wakati kila shamba linavuna, hadi gunia halirudishi hata pesa ya mbolea. Lakini je, kiazi kimebadilika? Kikipikwa nyumbani si kinashibisha watoto vile vile? Bei inapangwa na mnunuzi na siku ya soko. Thamani iliwekwa na aliyeumba. Broka akikataa viazi vyako leo, amesema juu ya lori lake, hajasema juu ya shamba lako. Vivyo hivyo kocha akimrudisha kijana, amesema juu ya nafasi zake 15. Hajasema neno lolote juu ya roho ambayo Kristo aliifia.

Sasa linatuhusu vipi kama kanisa? Tunajua kufanya harambee ya kumpeleka kijana. Tunamwekelea mikono, tunampiga picha, tunampeleka hadi stejini. Lakini akirudi, anarudi usiku, na Jumapili anakaa nyuma karibu na mlango au haji kabisa. Tunamuuliza, "Kwani ilikuwaje?" kwa sauti ya mtu aliyepoteza mchango wake. Harambee ya kumpokea hatuna.

Naomba tuianze. Kama kwenu kuna kijana aliyerudi, iwe ni kutoka kambi ya riadha, usaili wa kazi, au ile laini ya kuandikishwa jeshini, mwiteni chai wiki hii. Msimuulize atajaribu lini tena. Mwambieni yuko nyumbani. Kisha mpeni kazi ya kweli katika kanisa, si ya kumhurumia, kwa sababu Gideoni hakuwaita watu wa Naftali kuwafariji, aliwaita kwa sababu vita vilikuwa bado na aliwahitaji.

Na wewe kijana uliyerudi, ukisoma hii: walikupima kwa siku chache, na pengine walikupima kwa haki. Kubali matokeo yao. Lakini hawakuwa na mizani ya kukupima wewe mzima. Njoo Jumapili, ukae mbele.

Mungu awabariki.