Sauti ya Msimulizi na Haki ya Kuisikiliza

Masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa kwenye kanda yanapohamishiwa kwenye kompyuta, shida za kiufundi hutatulika. Maandishi huunganishwa na dakika za sauti, faharasa hupangwa kwa watu na mahali, na faili hupunguzwa uzito zifunguke hata kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Suala la maadili ndilo linalobaki: je, kila alichosema mtu ni halali kusikilizwa na yeyote?

Wazee wa Kiwarumungu, jamii ya wenyeji wa Tennant Creek, katika eneo la kaskazini la Australia, walijibu kwa vitendo. Picha na rekodi zao zilikuwa zimetawanyika kwenye makumbusho na mikononi mwa wamisionari na watafiti. Ziliporejea, zilirejea kwenye jamii yenye miiko: kuna mambo ya wanawake peke yao, mengine ya wanaume, maeneo matakatifu yanayozungumzwa na ukoo husika tu, na sura za marehemu ambazo wafiwa hawapaswi kuzikuta ghafla. Mwaka 2007, wakishirikiana na mtafiti Kimberly Christen, walifungua hifadhi yao katika kituo cha utamaduni cha Nyinkka Nyunyu. Mtumiaji alisajiliwa kwa ukoo, jinsia na nafasi yake katika jamii, na kompyuta ilimfungulia kinachomhusu. Humo ndimo ilimotoka Mukurtu, programu ya bure ambayo jamii nyingine za wenyeji, zikiwemo za Marekani, huitumia kuweka masharti yao wenyewe.

Wapo wanaosema elimu ni ya watu wote, na kwamba mlango uliofungwa huwafaa wenye nguvu kuficha dhuluma. Kwa ushahidi wa mauaji na mateso, hoja hiyo ina uzito mkubwa. Lakini haimhusu bibi aliyemsimulia mjukuu siri za unyago.

Wazo la masharti hayo si geni. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuona kwamba maneno hayasafiri peke yake: hadithi ya Mtume ilipokewa pamoja na isnadi yake, yaani mlolongo wa waliyoipokeza, na mwanafunzi alipewa ijaza, yaani idhini ya mwalimu, kabla ya kuisomesha. Hifadhi ya kidijitali nayo yapaswa kubeba jina la msimulizi, aliyemrekodi na masharti aliyoyaweka. Wanaobuni hifadhi hizo wawaulize kwanza wenye masimulizi, au warithi wao, nani asikie nini, kisha ndipo waanze kuchora kurasa.